Nimetumwa Malawi kufundisha dini, mama analia na sijui nianzie wapi

SWALI: Assalam aleykum sheikh. Mi kijana wa miaka 23 niko Tanga, nimemaliza chuo cha dini na jumuiya yetu imenichagua niende kufundisha Mangochi, Malawi, kwa miaka miwili. Baba alishafariki, mama ameniruhusu ila kila siku analia, je nikienda nina dhambi? Pili, njiani na nikifika huko naswali vipi, napunguza au kamili? Tatu, nimeambiwa waislamu wa kule wamegawanyika, kuna watu wa Kadiria wanaofanya zikri kwenye mazishi na kuna wanaoitwa Sukuti wao wanataka mazishi ya kimya. Nisimame upande gani na nianze na somo lipi?

JIBU: Waaleykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mwanangu nianze na mama, manake hilo ndo zito kuliko yote. Kulingania dini huko kwako ni fardhi kifaya, akienda mwingine anayefaa inatosha, ila kumtendea mema mama ni fardhi iliyo kwenye shingo yako wewe, hamna wa kukubebea. Kuna mtu alimwendea Mtume (s.a.w) anataka ruhusa ya kwenda jihadi, akaulizwa wazazi wako wako hai? Akasema ndio. Akaambiwa basi jihadi yako ifanye kwao hao. Hadithi ipo kwa Bukhari na Muslim.

Sasa machozi peke yake hayaharamishi safari, mama gani asiyelia mtoto akiondoka. Lakini ruhusa ya mdomoni tu nayo haitoshi kama alitoa kwa kuona haya mbele ya masheikh waliokuja nyumbani. Kaa naye mkiwa wawili tu, usimsomee aya wala hadithi za fadhila za daawa, muulize akiugua usiku nani atampeleka hospitali, nani atanunua mkaa na unga mwisho wa mwezi, halafu nyamaza umsikilize mpaka amalize. Mambo hayo yakipangwa mbele yake kwa majina ya watu na kwa hela, wengi huwa wanatulia. Na jumuiya wasilikwepe hili wallahi, kama wanamchukua mtoto wa mjane basi matumizi ya huyo mjane yawe kwenye bajeti yao pamoja na nauli yako. Akisema hapana baada ya hapo, baki Tanga, huna dhambi, watumwe wengine.

La swala ni jepesi. Kwa madhehebu yetu ya Shafii ukishatoka nje ya majengo ya mji wako unaruhusiwa kupunguza, yaani adhuhuri, alasiri na isha unaswali rakaa mbili mbili, magharibi inabaki tatu na alfajiri mbili. Basi la kutoka Dar kupita Mbeya, mpaka wa Kasumulu, Karonga, Mzuzu mpaka Lilongwe linakwenda usiku na mchana na halisimami unapotaka wewe, kwa hiyo tumia ruhusa ya kukusanya, yaani kuswali swala mbili kwa wakati wa mojawapo. Ukiona adhuhuri imeingia na gari halina dalili ya kusimama, nuia humohumo ndani ya wakati wa adhuhuri kwamba utaichelewesha uiswali pamoja na alasiri. Wengi wanasahau hiyo nia. Ukiswali nyuma ya imamu anayekamilisha, na wewe kamilisha. Ukikaa Lilongwe siku mbili unasubiri usafiri bado we ni msafiri, ila ukifika Mangochi na nia yako ni kukaa miaka miwili umekuwa mkaazi toka unaingia, maana kwetu mwisho ni siku nne kamili bila kuhesabu ya kufika na ya kuondoka. Kwahiyo kamili, na Ramadhani unafunga kama wenyeji.

Sasa hilo la tatu ndo hasa nataka unisikilize. Huendi kwa watu wasioujua Uislamu. Sisi watu wa pwani tuna ugonjwa wa kuona kila wa bara ni wa kufundishwa tu, na ugonjwa huo ukivuka nao mpaka utaharibu kila kitu. Wayao wa upande huo ni ndugu wa hawahawa Wayao wa Tunduru na Masasi, na chifu wao Makanjira alishasilimu mnamo 1870 hivi, waalimu wakaletwa kutoka pwani. Lakini njia hiyo iliyowapitisha waalimu ndo hiyohiyo iliyopitisha misafara ya pembe na watumwa kwenda Kilwa, machifu wa huko wakiuza na wafanyabiashara wa kwetu wakinunua, na watu wa kutoka pande za Ziwa Nyasa wakauzwa Unguja na mpaka Lamu. Utakutana na mzee analijua hilo. Akikutajia usianze kutetea mababu, msikilize kwa adabu.

Na tunaye wa kumfuata hapahapa kwetu. Habib Swaleh alitoka Ngazija akiwa kijana akaja Lamu, ugenini kabisa, akasoma kwanza kwa masheikh wa Lamu, halafu akaenda kukaa na kufundisha watumwa na watoto wao pamoja na wageni maskini, watu ambao wakubwa wa mji hawakuona kama elimu ni haki yao. Alilaumiwa sana kwa hilo. Leo msikiti wa Riyadha upo na watu wanatoka nchi nyingi kwenda maulidi ya Lamu. Hakuanza kwa kuwagombeza watu juu ya ngoma zao.

Kwahiyo kati ya Kadiria na Sukuti usisimame upande wowote sasa hivi. Ugomvi huo ni wa wazee toka enzi za mababu zao, ndani yake kuna koo na viti vya uimamu, wewe wa juzi hujui hata nani mjomba wa nani, na kwa Wayao mjomba ndo mwenye sauti. Mazishi nenda ya wote, beba jeneza, wakifanya zikri kaa, wakinyamaza nyamaza. Una rai yako ya kielimu sawa, ibaki kifuani mpaka wenyewe wakuulize, na wakikuuliza jibu kwa upole. Sahaba Musab bin Umeir alitumwa na Mtume Madina kufundisha kabla ya hijra, naye alikuwa kijana, akajiwa na Usaid bin Hudhair ameshika mkuki anamfokea aondoke. Musab akamwambia, si ukae usikilize kwanza, ukilipenda jambo ulikubali, na usipolipenda tutakuondolea. Usaid akasema umenitendea haki, akachomeka mkuki chini akakaa, na hapohapo akasilimu.

Kuhusu somo la kwanza, Mtume alivyomtuma sahaba wake Muadh kwenda Yemen alimpangia, kwanza shahada, wakikubali ndo swala, wakikubali ndo zaka ichukuliwe kwa matajiri wao warudishiwe maskini wao, na akamuonya na dua ya aliyedhulumiwa. Kwako wewe shahada ipo, basi anza na Fatiha ya watoto na udhu wa wazee, taratibu. Na uisome Isha kwa sura fupi! Muadh huyuhuyu aliwahi kuswalisha Isha kwa Suratul Baqara, mtu aliyetoka kazini na ngamia wake akajitoa akaswali peke yake, na Mtume akamkasirikia Muadh sana, akamwambia asome sura fupi kama Sabbihisma na Washamsi. Huko ziwani wavuvi wa usipa wanatoka na taa zao usiku, wakishaswali Isha wanakimbilia mitumbwi, wakiona unawachelewesha hawatarudi.

Jifunze Chiyao na Chichewa hata kama wanakuelewa Kiswahili. Wakitaka kukuozesha usikubali haraka, kwao mume ndo anahamia kwa mke, mama yako ajue hilo mapema. Kibali cha ukaazi kitoke kabla hujaanza kufundisha, usiingie kama mtalii halafu ukafungua madrasa, Allah ametuambia tekelezeni ahadi na viza nayo ni ahadi.

Nakuaga kwa dua ambayo Mtume alikuwa akiwaaga nayo wasafiri: astaudiullaha diinaka wa amaanataka wa khawaatima amalik, namuachia Allah dini yako, amana yako na mwisho wa amali zako. Wallahu aalam.