Mkuu, usilipe hiyo nyumba kabla hujaziona ngazi

Mkuu, simama hapo hapo. Umesema Desemba unampeleka mama wa miaka 71 Zanzibar, na watoto wawili, na mdogo wako aliyeoa juzi, tena umeshapata nyumba ya wageni Mji Mkongwe, "juu kabisa, bahari yote unaiona", na Ijumaa unalipa. Hilo "juu kabisa" lilinila laki sita na likamliza mama yangu.

Nilifanya kama wewe. Wiki nzima niko kwenye simu, nasoma makala, natazama picha za vitanda vya kuchonga. Makala moja ikasema nyumba ile inafaa familia nzima. Nikamwandikia mwenye nyumba kwamba mama ana magoti mabovu. Akajibu "hakuna shida, karibuni". Nikalipa siku nne zote.

Tukashuka boti Malindi, bandarini pale pale Mji Mkongwe. Teksi ikatusogeza kidogo, ikasimama, maana vichochoro vile gari halipiti. Mama akatembea robo saa nzima na mkongojo wake, jua la saa saba. Tukafika kwenye mlango mzuri kweli, wa nakshi na misumari ya shaba. Ndani, ngazi. Nyumba zile za mawe zimepanda juu kwa sababu pembeni hapana nafasi, na ngazi zimesimama wima, kila kidato na kimo chake. Chumba chetu orofa ya tatu, lifti hakuna. Mama alipanda kwa makalio, kinyumenyume, mimi chini yake nimemkinga. Alipofika juu akasema, "Mwanangu, kunishusha utatafuta kamba, kama ndoo ya kisimani." Tukacheka, kisha akalia. Siku mbili hakushuka. Bahari aliiona dirishani. Siku ya tatu tukahamia chumba cha chini nje ya mji, na ile pesa haikurudi hata senti.

Aliyeandika ile makala sijamsamehe. Alituambia tusikose kuingia Beit el Ajaib, lile jumba la makumbusho, wakati sehemu ya jengo ilianguka tarehe 25 Desemba 2020 na sisi tumekwenda 2022! Amekopi kwa mwenzake, mguu wake haujafika. Na mwenye nyumba? Ngazi zake anazijua. Hakuna shida kwa nani?

Kabla hujatuma hata shilingi, piga simu, usiandike meseji, na uombe video moja isiyokatwa, kuanzia gari linaposhusha hadi kitandani kwa mama. Mlango, ngazi, choo, vyote vionekane. Akianza kuzunguka, achana naye. Picha ya paa haina kazi kwa mtu asiyeweza kulifikia paa.

Hata matembezi yapime hivyo hivyo. Pale Mkunazini, kwenye kanisa la Anglikana lililojengwa soko la watumwa lilipokuwa, vile vyumba vya chini ya ardhi vina dari fupi, unaingia umeinama. Ingia na watoto, mama abaki bustanini. Kisiwa cha Changuu, kwenye kobe, uliza kwanza boti inashushia wapi, sisi tulikanyaga maji. Bustani ya Forodhani jioni ni tambarare, mama alikaa akala urojo wake kwa raha, ndiyo saa pekee aliyofurahi.

Maharusi watajijua, magoti wanayo. Ukiipata hiyo video nitumie na mimi nizihesabu ngazi.