Maswali na majibu: Ugonjwa unaowakondesha kulungu hadi kufa

Nimeona video ya kulungu mifupa mitupu, masikio yamelegea, mate yanamchuruzika. Watu wanamwita zombi. Ana nini? (Msomaji, Denver)

Huenda ana ugonjwa ambao wataalamu huuita kwa kifupi CWD (Chronic Wasting Disease, yaani ugonjwa sugu wa kukondesha). Jina la zombi silipendi hata kidogo, maana linawafanya watu wautazame kama sinema. Ulionekana mara ya kwanza mwaka 1967 hukohuko Colorado unakoishi, kwenye mazizi ya utafiti ya Fort Collins. Kulungu walikuwa wakikonda na kufa, hakuna aliyejua sababu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mtaalamu wa magonjwa ya wanyama, Elizabeth Williams, alichunguza ubongo wao kwa hadubini akaukuta umetoboka vitundu vingi. Mwaka 1981 ukathibitishwa porini. Sasa umefika zaidi ya majimbo 30 ya Marekani, uko Canada, na tangu 2016 uko Norway pia.

Kisababishi chake ni prioni, yaani protini iliyojikunja vibaya. Ikikutana na protini ya kawaida ya aina yake, huilazimisha nayo ijikunje vilevile, na hiyo huiharibu nyingine, hadi seli za ubongo zife. Tiba haipo, chanjo haipo. Anayeugua hufa.

Kama si bakteria wala virusi, unaambukizaje huko porini? (Msomaji, Iowa)

Kupitia mate, mkojo, kinyesi na mizoga. Kibaya zaidi, dalili huchelewa mwaka mmoja na nusu, miwili, wakati mwingine zaidi, na miezi mingi kabla ya hapo mnyama tayari anamwaga prioni. Kulungu mnene, manyoya yanang'aa, anaweza kuwa anaambukiza wenzake.

Chukua lundo la mahindi ambalo mtu amelimwaga nyuma ya nyumba ili kulungu wasogee. Wa kwanza anatafuna, mate yanabaki kwenye punje na kwenye udongo. Wa pili anaingiza pua palepale. Jiwe la chumvi ni hatari hivyohivyo: wanalilamba kwa zamu, mvua inaliyeyusha, na hata likiisha wanaendelea kuchimba na kula udongo wenye chumvi, pakawa shimo. Wanyama ambao porini wangepishana tu wanakutanishwa mdomo kwa mdomo, tena kila siku. Majimbo kadhaa yamepiga marufuku kuwawekea chakula, na naona wamefanya sawa kabisa. Najua wengi huwalisha kwa huruma, hasa theluji ikizidi, lakini huruma hiyo inawaua.

Halafu kuna udongo wenyewe. Prioni hung'ang'ania udongo wa mfinyanzi, na majaribio ya maabara yameonyesha kwamba zikimezwa pamoja nao huambukiza kwa urahisi zaidi. Watafiti wa Colorado waliwahi kuwaweka kulungu wazima kwenye mazizi ambayo wagonjwa walikuwa wameondolewa zaidi ya miaka miwili nyuma. Baadhi yao wakaugua.

Madume vijana wanaohama kutafuta makazi huubeba kilomita kadhaa. Wakati mwingine huvuka bara kwa kusafirishwa na binadamu. Korea Kusini iliupata kutoka kwa wapiti, kulungu wakubwa wa kufugwa, walioagizwa Canada. Mwindaji naye akisafirisha mzoga mzima kwenye gari, kisha akatupa fuvu na uti wa mgongo msituni karibu na kwake, amepeleka prioni mahali ambapo kulungu hata mmoja asingezifikisha.

Kwa nini serikali zisiwaue wote walioambukizwa yakaisha? (Msomaji, Mombasa)

Norway ilijaribu. Baada ya ugonjwa kugunduliwa kwa kulungu wa Aktiki katika milima ya Nordfjella, kundi zima la huko, zaidi ya wanyama 2,000, liliuawa kufikia 2018, na eneo likaachwa tupu kwa miaka ili lipumzike. Waliothibitishwa kuugua walikuwa 19. Mwaka 2020 akapatikana mgonjwa mwingine Hardangervidda, uwanda wa juu wa milimani ulio jirani. Hata hivyo siwalaumu. Ugonjwa ukigunduliwa mapema namna ile, ni afadhali kuchukua hatua chungu kuliko kungoja.

Mfanyakazi mwenzangu Mmarekani ameniletea nyama ya kulungu aliyemwinda. Niile? (Mama wa watoto watatu, Wisconsin)

Dada, muulize kwanza alimwinda wapi na kama alimpima. Jimbo lako linaujua ugonjwa huu tangu 2002, na huduma ya kupima tezi za kooni za kulungu ipo. Majibu yakionyesha maambukizi, nyama hailiwi. Kuichemsha sana hakusaidii. Prioni haziuawi na moto wa jikoni. Mpaka sasa hakuna binadamu aliyethibitishwa kuupata kwa kula kulungu. Lakini Waingereza nao waliambiwa nyama ya ng'ombe ni salama, hadi mwaka 1996 ilipobainika kwamba ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe, nao wa prioni, unaingia kwa watu. Huko uliua watu 178. Kwa watoto wako, subiri majibu.

Swala na ngamia wetu wako salama? (Mfugaji, Garissa)

CWD ni ya jamii ya kulungu wa kaskazini, na swala wetu si wa jamii hiyo. Kinasaba wako karibu zaidi na ng'ombe na mbuzi. Prioni za ng'ombe, hata hivyo, ziliwahi kuwapata tandala na pofu katika bustani za wanyama za Uingereza, kwa hiyo nisingesema hawaguswi. Kuhusu ngamia, swali lako ni la maana sana. Mwaka 2018 watafiti walitangaza ugonjwa mwingine wa prioni kwa ngamia wa Ouargla, Algeria, kisha ukaonekana Tunisia. Ukiona ngamia mtu mzima anakonda, anatetemeka, amekuwa mkali ghafla au anaangukaanguka, usimpeleke machinjioni. Mtenge, umwite daktari wa mifugo.