Kabla Hujatia Saini: Kwa Binti Anayetaka Kujiunga na Jeshi

Mabinti wanaokuja kuniuliza habari za jeshi huanza, karibu wote, na swali moja: je, mbio nitaziweza? Huwajibu kwamba wataziweza, kwa kuwa mwili wenye afya hufundishika, na mafunzo ya awali huyamaliza hata yule anayelia usiku chini ya blanketi, kama nilivyolia mimi. Swali ambalo hawaniulizi, na ambalo ningetamani litangulie mengine yote, ni hili: baada ya gwaride la kuhitimu nitafanya kazi gani, kwa miaka mingapi, na nikitaka kuondoka nitaondokaje?

Nilitumikia jeshi kwa miaka 12. Nilijiandikisha nikiwa na umri wa miaka 19, na mwandikishaji alipoona alama zangu za hisabati na fizikia aliniambia bila kusita kwamba ningepelekwa mawasiliano. Nilimwamini, nikatia saini karatasi ambayo haikutaja mawasiliano mahali popote. Mafunzo yalipokwisha nilipangiwa ghala, nikakaa huko miaka minne nikigawa buti kwa namba za miguu, nikihesabu mablanketi na kuandika kila kilichotoka na kila kilichorudi. Si kazi ya kudharauliwa, maana kikosi ambacho ghala lake limevurugika hakifiki popote, lakini sikuwa nimeichagua. Nilipokwenda kulalamika, mkuu wangu alifungua jalada langu, akaweka kidole juu ya saini yangu, kisha akalifunga. Hakukosea. Maneno ya mwandikishaji hayamo katika mkataba, na yeye mwenyewe huenda alisema kweli kwa kadiri alivyojua; ila nafasi hupangwa na watu wengine, kwa mahitaji ya siku hiyo.

Kwa hiyo soma karatasi yenyewe. Tazama kama fani imeandikwa au umeandikishwa tu kuwa askari wa kupangiwa kazi yoyote. Tazama miaka ya utumishi, na usiishie kwenye tarakimu ya kwanza unayoiona, kwa sababu majeshi mengi humhesabu askari kuwa wa akiba hata baada ya kurudisha sare. Marekani, kwa mfano, anayejiunga kwa mara ya kwanza kwa kawaida hubeba wajibu wa jumla wa miaka 8, hata kama miaka atakayovaa sare kila siku ni minne tu. Uliza pia kama utadaiwa gharama za mafunzo ukiondoka mapema. Mfanyakazi wa kiraia akichoka huandika barua ya kuacha kazi. Askari akiondoka bila ruhusa ni mtoro, na kesi yake huenda mbele ya mahakama ya kijeshi.

Ukishapata jibu la fani, uliza ni wanawake wangapi wamo katika kikosi utakachopelekwa. Mwaka 2015 Marekani ilitangaza kwamba kazi zote za kijeshi, zikiwemo za mapigano ya mstari wa mbele, ziko wazi kwa wanawake, na Uingereza ikafanya hivyo mwaka 2018. Yapo majeshi ambayo bado hayajafika hapo. Lakini sheria ikikufungulia mlango, bado unaweza kuingia ukajikuta peke yako, na kuwa mwanamke pekee miongoni mwa wanaume 60 ni jambo la kulipima mapema. Kila kosa lako litahesabiwa kuwa la wanawake wote, na hilo huchosha kuliko kwata.

Kuhusu mwili nitasema machache, ila haya usiyapuuze. Makuruta wa kike hupata nyufa nyembamba za mifupa mara nyingi zaidi kuliko wenzao wa kiume, hasa kwenye mifupa ya muundi, unyayo na nyonga, na sababu kubwa ni mzigo unaoongezeka ghafla juu ya mwili ambao haukuuzoea, tena mara nyingi usiokula kiasi kinacholingana na kazi unayofanya. Jirani yangu wa kitanda alificha maumivu ya muundi kwa siku tisa kwa kuogopa kuitwa mvivu. Kila usiku alibonyeza kwa kidole gumba sehemu ileile, ndogo kama sarafu, na kila usiku alishtuka. Aliyechoka misuli huumwa mguu mzima na hupata nafuu akipumzika. Anayeweza kukuonyesha kwa kidole kimoja mahali panapouma juu ya mfupa anapaswa kumwona daktari siku hiyohiyo. Yeye alikwenda akiwa ameshaanza kuchechemea, akarudishwa nyuma aanze upya na kundi lililofuata.

Anza basi miezi kadhaa kabla, ukitembea na mzigo mwepesi na kuuongeza kidogo kidogo, ukiwa umevaa buti ulizokwisha kuzizoea. Pima damu ujue kama una upungufu wa madini ya chuma, maana wasichana wengi huingia nao bila kujua. Hedhi ikikatika katikati ya mafunzo, usiione kuwa nafuu ya kutofua. Huenda mwili unakuambia kwamba chakula hakitoshi kwa kazi unayoupa, na mifupa hudhoofika kwa njia hiyohiyo.

Liko jambo ambalo waandikishaji hawalitaji, nami nitalitaja kwa uwazi. Jeshini mtu mmoja anaweza kuwa ndiye anayekupangia lindo, anayekusainia likizo na anayeandika ripoti ya kukupandisha cheo. Mtu huyo akianza kukusumbua kingono, utampelekea nani malalamiko? Canada ilimpa kazi ya kulichunguza suala hili jeshini mwake Marie Deschamps, aliyekuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, na ripoti yake ya mwaka 2015 ilieleza wazi kwamba utamaduni wa jeshi lenyewe ulikuwa na uadui kwa wanawake. Marekani nayo ilibadili sheria mwaka 2021 ili uamuzi wa kushtaki makosa makubwa ya kingono utoke mikononi mwa makamanda na kupewa waendesha mashtaka wa kijeshi. Uliza jeshi unalolitaka lina utaratibu gani, na kama lina mahali pa kulalamikia nje ya kikosi.

Mimi niliwahi kuitwa ofisini saa nne za usiku na mkubwa wangu mmoja, eti tuhesabu upya daftari la ghala. Koplo wa kike aliyenizidi miaka mingi ya utumishi alivaa buti, akaniambia, "Twende wote, afande amesema tuhesabu." Daftari lilihesabiwa kwa dakika tano, na sikuitwa tena. Tangu usiku ule nikawa na kijitabu kidogo cha kuandikia tarehe, saa na maneno yaliyosemwa.

Kama unatarajia ndoa na watoto, soma kanuni za jambo hilo kabla ya kiapo, kwa kuwa majeshi mengine hukutaka uombe kibali cha kuoa au kuolewa, na mengine humwachisha mafunzo kuruta aliyepata mimba. Fikiria pia safari. Umoja wa Mataifa, kwa mpango wake wa mwaka 2018, unataka ifikapo mwaka 2028 wanawake wawe asilimia 15 ya vikosi vya kulinda amani na asilimia 25 ya waangalizi na maofisa wa makao makuu, kwa hiyo nafasi za nje zinawatafuta wanawake. Ni nafasi nzuri, nami ningekushauri uitake, lakini ni miezi mingi mbali na nyumbani, na atakayebaki na mtoto lazima awe amekubali kabla hujaondoka.

Mwaka wa tano mkataba wangu ulipofika wakati wa kuongezwa, karani alinisogezea karatasi na kalamu. Niliisoma yote mbele yake, naye akawa anatazama saa, kisha nikamwambia sitaweka saini mpaka neno mawasiliano liandikwe. Alikwenda kwa mkuu, akarudi baada ya nusu saa likiwa limeandikwa na kupigwa muhuri. Nikatia saini, nikaomba nakala.