Kikohozi cha Juni na ile chupa ya juu ya kabati

Mi nina ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana, ule ambao kinga ya mwili inaugeukia utumbo wako mwenyewe, na kabla ya kuambiwa hivyo nilitibiwa amiba mara tatu na taifodi sijui mara ngapi huku nikienda chooni mara nane kwa siku na damu juu, mpaka daktari mmoja akasema hapana, huyu aingiziwe kamera. Hiyo stori siku nyingine. Leo naongea na nyie mnaolea, maana swali la yule daktari halijanitoka: ulipokuwa mtoto ulikunywa sana antibayotiki?

Nikampigia mama. Akacheka, "Wewe? Wewe umekulia kwenye amoksilini mwanangu." Tulikuwa Mafinga, na Juni ya pale mnaijua, ukungu unaingia mpaka ndani, mtoto atakosaje kukohoa. Basi kulikuwa na ile chupa ya dawa ya unga unayokoroga na maji, unakunywa siku mbili ukipata nafuu inayobaki inapanda juu ya kabati kusubiri kikohozi kingine, anakupimia kwa kifuniko, na mdogo wangu naye anapewa chake hata kama hajakohoa, eti asiambukizwe.

Simlaumu, na hakuna anayeweza kusema ndo imeniletea. Mdogo wangu kanywa chupa hizohizo na yuko fiti kabisa, halafu ugonjwa huu unatembea pia kwenye ukoo. Ila tafiti zinaonyesha watoto waliokunywa antibayotiki nyingi wakiwa wadogo wanapata magonjwa ya jamii hii ya utumbo zaidi ya wenzao, na maelezo yake yanaingia akilini: miaka miwili mitatu ya kwanza ndo bakteria wazuri wanahamia tumboni na kinga inajifunza nani mgeni nani mwenyeji, sasa wewe unamwaga dawa inayofagia wote.

Kwa hiyo hapa kwangu Uyole mafua ya kawaida sikimbilii duka la dawa, yale ni virusi, antibayotiki haiyagusi. Sweta, ziwa, subira. Ila akihema harakaharaka au mbavu zikibonyea ndani hapo hakuna subira, hospitali usiku huohuo, na akiandikiwa dozi anamaliza, inayobaki natupa.

Msosi nao una neno. Miezi 6 ya kwanza ziwa tu. Baada ya hapo, kuna utafiti wa Sweden na Norway, watoto zaidi ya 80,000, ulitoka 2024: waliokula samaki na mboga wakiwa na mwaka 1 magonjwa haya ya utumbo yaliwapata wachache kuliko wengine, waliopewa vinywaji vya sukari yaliwapata zaidi. Sasa jamani sisi tutashindwaje, usipa wa Kyela wamejaa sokoni, nasaga nachanganya kwenye viazi vya kuponda na mchicha, anakula mpaka anavuta bakuli.

Mtihani ni bibi yake. Julai kaja kutusalimia, mtoto kakohoa mara moja tu, mama kafungua mkoba: soda ya mjukuu, na chupa. Chupa nimeificha, mpaka kesho anaitafuta.