Jibu: Jinsi mlango wa nyuma unavyoingia kwenye kompyuta

Ndugu yangu, umeuliza kompyuta ya saiba yako (duka la intaneti) hapo Githurai iliingiliwaje ilhali hukufungua barua pepe yoyote ya kutiliwa shaka. Mara nyingi mlango wa nyuma, yaani programu ya siri inayompa mdukuzi njia ya kuingia kwenye kompyuta bila wewe kujua, huja ndani ya kitu ulichokitafuta mwenyewe, kama vile programu ya kuamilisha Windows bila leseni, ambayo maagizo yake hukutaka kwanza uzime kinga ya virusi. Ikishaingia, hujiandikisha miongoni mwa programu zinazoanza pamoja na kompyuta, kisha huwasiliana na mdukuzi kupitia intaneti. Na kwa kuwa mawasiliano hayo yanaanzia ndani, ukuta wa ulinzi (firewall), unaochuja mawasiliano ya mtandao, mara nyingi huyaruhusu. Mteja anapochapa nywila yake ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, herufi zote zinaweza kunaswa. Hata programu halali huchafuliwa: mwaka 2017, toleo la 5.33 la CCleaner, programu ya kusafisha kompyuta, lilisambazwa kutoka kwa watengenezaji wenyewe likiwa na mlango wa nyuma.

Nakusihi usitosheke na kufuta faili moja. Ichomoe kompyuta kwenye mtandao, nakili hati pekee, weka Windows upya, na uwaarifu wateja leo hii wabadilishe nywila kwa kutumia simu zao.