Skripti ya kivinjari ikihamia kwenye seva: ninayotaka myajue mapema

Kazi iliyonifundisha haya niliifanyia Mwanga, hapa Kigoma mjini. Mteja alikuwa anasafirisha mizigo kwa boti kutoka Kibirizi kwenda vijiji vya kaskazini mpaka Kagunga. Saruji, sukari, soda na mabati vinakwenda, dagaa na madumu ya mawese vinarudi. Karani wake alikuwa na ukurasa mmoja kwenye kivinjari: anaandika uzito, anachagua kijiji, anabonyeza, gharama inatokea. Hesabu yote ilikuwa ndani ya skripti ya ukurasa ule, yaani maelekezo yaliyoandikwa kwa JavaScript, lugha ya vivinjari. Baadaye mteja akataka ankara za siku nzima zitolewe na seva usiku, na programu ya seva ilikuwa imeandikwa kwa Java, ambayo ni lugha nyingine kabisa licha ya kufanana jina.

Ningeweza kuiandika upya hesabu ile kwa Java. Niliamua kuiendesha skripti ileile ndani ya Java, na uamuzi huo nautetea mpaka leo. Hesabu ikikaa mahali pawili, siku moja bei ya Kagunga itabadilishwa kwenye ukurasa na kusahauliwa kwenye seva, na mwenye mzigo ataambiwa bei moja asubuhi kisha apewe ankara ya bei nyingine usiku. Mtu akishalipishwa hivyo mara moja, kumrudisha ni kazi kubwa.

Injini, yaani programu zinazosoma skripti na kuitekeleza, zipo tangu zamani hata nje ya kivinjari. JavaScript yenyewe ilizaliwa Netscape mwaka 1995, na kufikia 1997 palepale Netscape walikwisha kuanza Rhino, injini ya JavaScript iliyoandikwa kwa Java. Java 8 ilipotoka mwaka 2014 ilikuja na yake, Nashorn. Majina yote mawili maana yake ni kifaru. Ninayataja kwa sababu mtakutana na mafunzo mengi ya zamani yanayowaambia muombe injini ya "nashorn". Nashorn iliondolewa katika Java 15, mwaka 2020. Ukiiomba kwenye Java mpya bila kuiongeza mwenyewe, hupati ujumbe wa kukueleza, unarudishiwa null, yaani hakuna kitu, na programu inaanguka mstari unaofuata. Nimeona kijana amepoteza siku nzima akikagua skripti yake ambayo haikuwa na kosa lolote. Kagueni toleo la Java kwanza.

Sasa kiini cha jambo. Injini inajua lugha, haijui ukurasa. Chukua injini ya boti, ifungue, iweke nchi kavu juu ya magogo. Itawaka na kunguruma vilevile, ila hakuna usukani, hakuna maji, hakuna abiria. Namba, maneno, orodha, fanksheni, Math, Date na JSON ni vya lugha, utavikuta popote. Lakini window, document (ukurasa wenyewe), alert (kidirisha cha onyo), localStorage na XMLHttpRequest ni vya kivinjari. Hata setTimeout na console, ambavyo tumevizoea kiasi cha kudhani vimezaliwa na lugha, havimo katika kanuni za lugha yenyewe. Injini nyingine zinakuongezea, nyingine hazikuongezei. Skripti yangu ilianza kwa document.getElementById, inayotafuta kisanduku cha ukurasa kwa jina lake, na Rhino, injini niliyoitumia, ikajibu mara moja kwamba document haijulikani.

Nikafanya kile ambacho karibu kila anayeanza hufanya: nikatengeneza document ya bandia. Nikaipa getElementById inayorudisha objekti yenye value tupu, nikaipa alert isiyofanya kitu, na kila kosa lilipotokea nikaongeza kipande kingine cha bandia mpaka makosa yakaisha. Skripti ikapita. Ankara zikatoka.

Zilitoka zote na gharama ya chini kabisa. Kwa nini? Skripti ilikuwa inasoma uzito kutoka kwenye kisanduku cha ukurasa. Visanduku vingine nilivijaza vizuri, lakini hicho cha uzito kilikuwa na jina tofauti na nililolijua, bandia yangu ikarudisha value tupu. Katika JavaScript, Number ya maneno matupu ni 0. Haikugoma, ilitoa sifuri. Uzito sifuri ukazidishwa na bei ukawa sifuri, kisha kanuni ya gharama ya chini, ambayo tuliiweka kwa ajili ya vifurushi vidogo, ikaipandisha. Onyo la "uzito haujajazwa" lilikuwapo, lakini lilipitia alert, na alert nilikuwa nimeiziba mdomo mimi mwenyewe. Zilipita siku mbili kabla mwenye boti hajauliza kwa nini tani ya saruji inalipiwa kama kifurushi cha nguo.

Naomba mlishike hili kuliko mengine yote niliyoandika hapa: kosa linalopiga kelele linakusaidia. Ukitengeneza kitu cha bandia, kifanye kiwe mkali. getElementById iulizwe jina lisilo kwenye orodha yako, itupe kosa na kusimamisha kazi. alert iitwe, iandike kwenye kumbukumbu za seva na kusimamisha ankara hiyo.

Baada ya hapo niliiacha njia ya bandia kabisa kwa kazi ile. Niligawa skripti vipande viwili. Kipande cha kwanza ni hesabu tupu: unakipa uzito, kijiji na aina ya mzigo, kinakurudishia gharama au sababu ya kukataa, hakigusi ukurasa hata mara moja. Cha pili ndicho kinachosoma visanduku na kuonyesha jibu, nacho kilibaki kwenye kivinjari. Seva ikapakia cha kwanza peke yake. Kazi ya kugawa ilichukua mchana mmoja. Ya kutengeneza bandia ilikuwa imenila wiki.

Zipo skripti usizoweza kuzigawa, hasa za watu wengine, na kuna maktaba zinazojaribu kuiga kivinjari. env.js ya John Resig ilifanya hivyo juu ya Rhino tangu mwaka 2007, na jsdom inafanya hivyo kwa wanaotumia Node, programu nyingine ya kuendeshea JavaScript nje ya kivinjari. Ukipakia maktaba kubwa kwenye Rhino, jiandae kwa kikwazo kimoja: Rhino huigeuza skripti kuwa msimbo wa Java, na Java hairuhusu mbinu moja (kipande kimoja cha msimbo kinachoitwa kwa jina) kuzidi kilobaiti 64 baada ya kugeuzwa; skripti ndefu inaweza kuvuka hapo. Katika mipangilio ya Rhino weka kiwango cha uboreshaji (optimization level) kuwa -1, nayo itaisoma na kuitekeleza bila kuigeuza. Itakuwa polepole, lakini itakwenda. Na kama unachohitaji kweli ni ukurasa mzima, pamoja na mpangilio wake na mibofyo yake, tumia kivinjari halisi kisichofungua dirisha. Kinakula kumbukumbu ya mashine, lakini hakikudanganyi.

Mambo madogo yanayouma. Maneno yanayorudishwa na mbinu ya Java ndani ya Rhino si maneno ya JavaScript: typeof inasema ni objekti, na length yake ni ya kuitwa kwa mabano. Yageuze kwa String() kabla ya kuyatumia. Namba zinaweza kurudi upande wa Java zikiwa na desimali, na mteja akaona Sh 12500.0 kwenye ankara. Na kama skripti hukuiandika wewe, anza na initSafeStandardObjects, amri ya Rhino inayoiandalia skripti vitu vya lugha bila kuifungulia Java, kwa sababu Rhino ya kawaida inairuhusu skripti kufikia madarasa ya Java, hata lile linaloweza kuizima programu yako nzima.

Saa nayo. Kivinjari cha karani kilitumia saa ya Tanzania, seva ilitumia saa ya kimataifa, saa tatu nyuma. Boti iliyopakia saa nane usiku, kwa seva ilikuwa bado saa tano usiku wa jana, na ankara ikabeba tarehe ya jana. Mchana huwezi kuliona kosa hili hata ujaribu mara mia. Siku hizi tarehe ya mzigo naiingiza kama kitu cha nne kinachopewa hesabu, skripti haiulizi saa yenyewe.

Kabla ya kuwasha tena, nilimwomba karani daftari lake nikachagua mizigo thelathini: mizito, myepesi, ya kwenda na ya kurudi, ya mchana na ya usiku wa manane, na miwili ambayo uzito ulisahauliwa kuandikwa. Nikaipitisha kwenye kivinjari, kisha kwenye injini, nikalinganisha shilingi kwa shilingi. Orodha ile tuliihifadhi pamoja na skripti, na kila bei inapobadilika inapitishwa upya pande zote mbili kabla boti haijapakia.