Maumivu makali ya kifua na dawa za kuzuia damu kuganda: majibu kwa wasomaji

Shikamoo daktari. Baba yangu ana umri wa miaka 63 na ana presha. Akibanwa na kifua usiku, nimpe asprini kabla hatujafika hospitali? (Msomaji, Kongwa)

Marahaba. Tafuta usafiri kwanza, kwa sababu hakuna kidonge kinachofaa kuwachelewesha. Ikiwa kifua kinabana kama kimewekewa mzigo, na maumivu yanakwenda mkononi au tayani huku jasho likimtoka, atafune asprini ya miligramu 300, au vidonge vinne vya miligramu 75. Nasema atafune, kwa kuwa ikitafunwa huingia kwenye damu mapema zaidi. Usimpe iwapo ana mzio nayo, anatapika damu au anapata choo cheusi kama lami, au ana dalili za kiharusi. Usimpe pia ikiwa maumivu yamekuja ghafla kama kitu kinachochanika na kuelekea mgongoni, kwani huenda mshipa mkuu wa damu ndio uliochanika. Mkifika, taja kiasi na saa aliyotumia, asije akapewa tena dozi ileile.

Mama alilazwa kwa shambulio la moyo, akawa anachomwa sindano ya tumbo mara mbili kwa siku. Siku ya pili wakaifanya mara moja. Je, dawa iliwaishia? (Msomaji, Mpwapwa)

Sidhani. Maelezo yako yanafanana na enoksaparini, sindano ya kuzuia damu kuganda, ambayo kwa kawaida hutolewa miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 12. Dawa hiyo huondolewa mwilini kwa njia ya figo, kwa hiyo majibu ya maabara yakionyesha kwamba figo zimedhoofika sana, dozi hiyohiyo hutolewa mara moja tu kwa saa 24. Isipopunguzwa hurundikana, na mgonjwa anaweza kuvuja damu tumboni au hata kwenye ubongo. Kwa hiyo mabadiliko hayo huenda ni ishara kwamba kuna mtu aliyesoma majibu ya figo kwa makini. Mimi huhofia zaidi uzito wa kukisia, kwa kuwa mwanamke wa kilo 45 akiandikiwa kilo 70 atapata dawa kupita kiasi bila yeyote kushtuka. Ndugu wa mgonjwa anayo haki ya kuuliza kwa adabu kama mgonjwa wake amepimwa uzito na figo. Alama za bluu pale sindano ilipoingia ni za kawaida, mradi pasisuguliwe. Uvimbe unaoendelea kukua utolewe taarifa mara moja.

Niliwekewa stenti (kibomba kinachoachia wazi mshipa wa moyo) miezi minne iliyopita, na sasa jino linaniuma. Niache klopidogreli wiki moja ili ling'olewe? (Msomaji, Chamwino)

Usiache. Baada ya shambulio la moyo, klopidogreli na asprini, ambazo zote huzuia damu kuganda, kwa kawaida hutumiwa pamoja kwa takriban miezi 12, na kuziacha mapema kunaweza kuziba stenti ghafla, jambo linaloua. Damu ya fizi huzuilika kwa kukandamizwa na pamba. Mweleze daktari wa meno dawa zako zote, naye ashauriane na daktari wako wa moyo. Kwa maumivu tumia parasetamoli. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo watu hununua dukani kama peremende, huongeza hatari ya kuvuja damu na kuuelemea moyo.

Natumia warfarini kwa sababu ya vali ya chuma moyoni. Ni kweli nisile mlenda? (Msomaji, Nkuhungu)

Kula, lakini kwa kiasi kisichobadilika sana. Mboga za majani zina vitamini K, ambayo hupunguza nguvu ya warfarini ya kuzuia damu kuganda, na tatizo hutokea ulaji unapopanda au kushuka ghafla. Kwetu hilo hufuata misimu: kiangazi mboga ni chache, mvua zikinyesha sahani inajaa majani mabichi. Msimu ukibadilika hivyo, nenda ukapime INR, yaani kipimo cha kasi ya damu kuganda, hata kama tarehe ya kwenye kadi bado haijafika.